Lupango ya Milele na Lupango ya Muda

Katika mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, mwenye lupango husema bila wasiwasi: "Udongo huu ni wangu." Nyumba ni yake, na miembe ni yake. Lakini udongo wenyewe? Tutazame kwanza mambo ya zamani.

Tarehe 1 Julai 1885 Serikali ya mfalme Leopold II ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali yake. (Mashamba yaliyopumzishwa nayo yalihesabiwa kuwa matupu, wazee hawakuulizwa.) Huku Katanga, tangu mwaka 1900, ardhi ilisimamiwa na Comité Spécial du Katanga. Mzungu aliweza kununua kiwanja kikawa mali yake kabisa. Mwafrika alikaa katika cité kwa ruhusa. Dekreti ya 10 Februari 1953 ndiyo iliyowafungulia Wakongo mlango wa kumiliki ardhi, kila mtu yake.

Baada ya uhuru, sheria ya Bakajika ya 7 Juni 1966 iliirudishia Serikali ardhi zilizotolewa kabla ya 30 Juni 1960. Kisha sheria ya 20 Julai 1973 ikakata neno: ardhi yote ni ya Serikali, wala haiuzwi. Mtu hupewa haki ya kuitumia tu, nayo huitwa konsesio. Konsesio ni za namna mbili.

Konsesio ya milele hupewa raia wa Kongo, mtu mwenye mwili na roho. Haina hesabu ya miaka, na watoto wake Wakongo huirithi. Walakini milele ya sheria si ile ya Katekisimu: Serikali yaweza kuitwaa kwa faida ya wote, ikilipa fidia. Konsesio ya kawaida yaweza kupewa hata mgeni, kampuni au shirika. Hii ina mwisho, mara nyingi miaka 25, ingawa yaweza kufanywa upya.

Hapo ndipo Wakristu wengi hujikwaa. Mzee mwema huandika: "Nikifa, lupango yangu iwe ya parokia." Lakini jimbo, mbele ya sheria, ni shirika, haliwezi kushika haki ya milele. Litahitaji konsesio ya kawaida, yenye miaka ya kuhesabiwa, na asiyekumbuka kuifanya upya ataiona haki imekwisha. Watoto wa marehemu nao, wasipoelezwa mapema, hudhani mapadri wamewanyang'anya.

Tena mara nyingi mzee huyo hana cheti cha kuandikishwa. Sandukuni mwake mna kontra ya kupanga tu, au barua ya yule aliyemwuzia. Sheria haiihesabu haki kuwa imethibitika mpaka cheti kitolewe na mwandishi wa vyeti vya ardhi. Nacho kikitimiza miaka miwili bila kupingwa, hakuna awezaye tena kukiangusha.