Tungamohai, Si Tungamotaka

Rasimu ya mpango wa nishati wa mkoa mmoja imenifikia, na jedwali lake la kwanza limenikera. Misitu, mabua, samadi, maranda na makapi ya miwa vimepangwa chini ya kichwa kimoja: "Rasilimali za tungamotaka," yaani biomasi. Kwa lugha hiyo mninga uliosimama msituni, wenye majani na maua, ni taka. Waliolipitisha neno hili kwenye vikao vyao wanapaswa kulitetea hadharani.

Sina ugomvi na nusu ya kwanza ya neno hilo. Kitenzi tunga ni cha kale na kina matumizi mengi: tunatunga shanga, tunatunga mashairi, jipu hutunga usaha, mimba hutunga. Kikipata kiambishi -ama, kile cha simama, inama na tuama, kinaeleza hali ya kitu kilichokwisha kujikusanya: damu hutungama, mafuta ya ng'ombe hutungama kwenye baridi. Humo ndimo ilimotoka tungamo, ambayo wanafunzi wetu wanaijua kuwa kiasi cha maada kilichomo katika kitu. Ni istilahi safi, yenye mizizi ya Kibantu.

Taka ndiyo inayoharibu. Neno hilo halitaji asili ya kitu. Linatoa hukumu kwamba hakina kazi wala mwenyewe. Hukumu hiyo inapotosha tathmini tangu mwanzo. Mpangaji hukokotoa mabua kutokana na tani za mahindi zilizovunwa, kisha huyaandika yote kuwa kuni za mtambo. Lakini Shinyanga, mavuno yakiisha, ng'ombe huingizwa shambani kula mabua hayohayo, na yanayosalia hurudi udongoni. Pumba za mpunga nazo hutumika kuchomea matofali. Mabaki ya pamba wakulima huagizwa wayang'oe na kuyachoma ili kukata kizazi cha wadudu. Kabla ya kuhesabu megawati ni lazima kutoa vyote hivyo, na kutoa maji pia, kwani mti mbichi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake.

Tazama korona, mashine ya kuchakata mkonge. Jani linaingia, singa zinatoka upande mmoja, na upande wa pili maji yanasukuma majimaji ya kijani mferejini. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki, pale Hale mkoani Tanga, kililishwa kwenye mtambo wa bayogesi na kuzalisha umeme. Malighafi ya namna hiyo haistahili jina la jalalani.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Sehemu kubwa ya nishati ya Watanzania bado ni kuni na mkaa, na mkaa mwingi unatokana na miti inayokatwa ikiwa hai. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mkoa utapimaje umbali uliobaki ikiwa jina la rasilimali yenyewe linaelekeza macho kwenye jalala na kuuacha msitu?

Ndiyo maana natetea tungamohai. Nililipeleka mahali panapohusika, likakatwa kwa mstari mmoja: "kuni kavu haziko hai." Jibu hilo ni la haraka mno. Sote tunasema kilimo hai, na hakuna anayeuliza kama kilimo kinapumua. Hai, neno tulilopewa na Kiarabu, hapo linataja asili: maada iliyojengwa na viumbe, iwe bado imesimama au imekwisha kukauka. Wapo pia wanaotaka tubaki na biomasi. Bayogesi imekaa kwa sababu gesi tuliizoea jikoni; masi haimwambii chochote mkulima atakayeulizwa kilichopo shambani kwake, ilhali tungamo tayari tunayo.

Matumizi ni mepesi: tathmini ya tungamohai, umeme wa tungamohai, tani za tungamohai kavu.

Wanaoandaa mipango ya mikoa wafute kichwa kile, kisha wagawe jedwali katika safu tatu: tungamohai lililopo, tungamohai lenye wenyewe, na tungamohai linaloweza kuchukuliwa bila kudhuru udongo, mifugo wala msitu. Safu ya tatu ndiyo ya kujengea mtambo.