Baada ya Degedege

Mwishoni mwa mwaka 1998 wadodosaji walianza kupita nyumba kwa nyumba Ikwiriri, Kibiti, Bungu na vijiji vya jirani. Waliandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Palipotokea msiba walirudi baadaye, wakakaa na wafiwa na kuuliza taratibu marehemu aliumwaje. Kibiti ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji, na eneo lililosajiliwa lilikuwa na watu wapatao 85,000. Daftari lile lilihudumia mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya na shirika la Kanada la IDRC, ulioendeshwa Rufiji na Morogoro Vijijini. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitenda: fedha za afya za wilaya zifuate maradhi yanayowaua wakazi wa wilaya hiyohiyo.

Daftari liliitaja malaria waziwazi. Kwa nyongeza ya kama dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka, wilaya ilisambaza vyandarua na kuwafundisha wahudumu wa zahanati kumpima mtoto mwili mzima badala ya kuishia kwenye homa. Katika muda wa miaka kama mitano, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Kwangu mimi, huo ni miongoni mwa ushindi mkubwa kabisa katika historia ya afya nchini Tanzania.

Lakini daftari la vifo halimfuati aliyepona. Pwani yote, mtoto mwenye malaria kali akikakamaa na kupinda macho husemwa ana degedege, na wapo waliolihesabu kuwa kazi ya shetani. Akizinduka, nyumba hushukuru na maisha huendelea. Kinachotokea baadaye kilipimwa Uganda. Watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa Mulago, Kampala, kwa malaria ya ubongo, na mwaka 2008 wakatangaza kwamba miaka miwili baada ya kupona, mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa akili unaopimika. Umakini ndio ulioumia zaidi.

Si kila mtoto asiyetulia amepitia malaria. Ile hali inayoitwa ADHD, ya umakini mdogo na utukutu uliopindukia, aghalabu hurithiwa, na ipo kila nchi. Darasani, hata hivyo, hakuna anayeuliza chanzo. Ada ya shule za msingi ilipofutwa Tanzania mwaka 2001, madarasa yalifurika, na mtoto anayesimama kila dakika, anayesahau daftari, anayejibu kabla ya swali kwisha, alipewa jina la mtukutu na akachapwa viboko.

Dawa ya ADHD ilikuwa imekwisha kujulikana kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1937, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, daktari Charles Bradley aliwapa watoto 30 wa hospitali yake Benzedrine, ambayo ni amfetamini. Alikuwa akitafuta nafuu ya maumivu ya kichwa yaliyowapata watoto baada ya kipimo kilichohitaji kutolewa maji ya uti wa mgongo. Vichwa havikupata nafuu ya maana, ila karibu nusu ya watoto walibadilika shuleni: walitulia, wakamaliza kazi, wakaipenda hesabu. Mwaka 1944 Leandro Panizzon, mkemia wa kampuni ya Ciba huko Basel, Uswisi, alitengeneza methilifenideti. Mkewe Marguerite aliimeza kabla ya kucheza tenisi, na kutokana na jina lake la utani, Rita, dawa ikaitwa Ritalin.

Inashangaza kwamba kichangamsho kimtulize mtoto. Dawa hizi huongeza dopamini na noradrenalini katika sehemu za ubongo zinazoshika breki, na mtoto akaweza kusubiri. Lakini zina undugu wa kemikali na kiini cha mirungi, na watu wazima walizitumia vibaya. Ndiyo maana mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 uliziweka chini ya ulinzi mkali: cheti cha daktari, vibali, hesabu ya akiba. Baadaye zilikuja njia nyingine. Atomoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002, si kichangamsho, ingawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Klonidini na guanfasini zilianza kama dawa za shinikizo la damu.

Mwaka 2019, na tena 2021, Shirika la Afya Duniani liliombwa kuiingiza methilifenideti katika orodha yake ya dawa muhimu. Mara zote mbili kamati ilikataa, ikisema ushahidi wa faida na madhara hautoshi. Tahadhari hiyo naielewa. Hata hivyo nchi nyingi maskini huiangalia orodha hiyo zinapopanga zake, na uzito wa uamuzi huwaangukia watoto wa mbali, kama wale wa visiwa vya delta ya Rufiji ambao hupanda boti hadi Nyamisati kabla ya kuanza safari ya gari kwenda kwa bingwa Dar es Salaam.

Mwongozo wa shirika hilohilo unataka wazazi na walimu wafundishwe kwanza namna ya kumwongoza mtoto, na kidonge kianzishwe kwa ushauri wa bingwa, kwa mtoto aliyetimiza miaka sita. Kidonge hupunguza hamu ya kula na usingizi, huweza kuchelewesha ukuaji na kupandisha mapigo ya moyo. Kwa hiyo uzito, urefu na shinikizo la damu havina budi kupimwa mara kwa mara. Bingwa akishaanzisha tiba, vipimo hivyo haviwezi kumshinda mhudumu wa zahanati aliyefundishwa kufuatilia, kama wenzake wa Rufiji walivyofundishwa kumpima mtoto mwili mzima.