Msomaji Asiyeonekana: Makala ya Kiswahili kutoka Gazeti la Tanga hadi Mtandao



Nimeombwa nizungumzie uandishi wa makala yanayosomwa mtandaoni. Aghalabu mada hii hufundishwa kama ufundi mpya: sentensi ziwe fupi, habari kuu itangulie, kila aya ibebe jambo moja. Sina ugomvi na maagizo hayo. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba swali lililo chini yake, yaani namna ya kumwandikia msomaji usiyemwona, mwenye haraka na shughuli nyingine, liliulizwa na kujibiwa kwa Kiswahili katika mji huu wa Tanga zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kwa kuwa tumekutana Chumbageni, sioni sababu ya kuanzia historia hii mahali pengine.

Tuanze na barua, maana ndiyo mzazi wa makala yetu. Barua ya pwani iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu haikuanza na jambo. Ilianza na jina la mwandikiwa na sifa zake, ikafuata salamu, ikafuata hali ya afya, ndipo likaja neno “wabaadu”, na baada yake shughuli yenyewe. Barua za namna hiyo zimo katika mkusanyo wa hati za Kiswahili uliochapishwa Ujerumani na C. G. Büttner mwaka 1892. Wasomi wengi wameziona salamu hizo kuwa marembo yasiyo na kazi. Mimi naona vingine. Msomaji mwenye haraka alijua pa kutazama: alilitafuta “wabaadu”, akaanzia hapo. Lilikuwa alama ya jicho, kama kilivyo leo kichwa kidogo cha habari katikati ya ukurasa. Utenzi nao ulikuwa na dibaji inayotambulika, kisha kisa, kisha tamati. Hata Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga, aliyetunga utenzi juu ya vita vya Wadachi vya 1888 na 1889, aliandika ndani ya mpango ambao msikilizaji wake aliujua tangu utotoni.

Gazeti lilikuja na hati nyingine na msomaji mwingine. Msimulizi lilitoka Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Habari za Mwezi likafuata kutoka Magila katika miaka ya 1890. Yote mawili yalikuwa ya misheni. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 likaanza Kiongozi, gazeti lililochapishwa katika shule ya serikali ya Wadachi hapa Tanga, nalo likaendelea hadi 1916, Waingereza walipoutwaa mji. Lilikuwa gazeti la mtawala, na haifai kulipamba. Lakini kurasa zake zilijazwa kwa sehemu kubwa na waandishi Waafrika, wengi wao walimu na watumishi wa serikali waliotoka katika shule za aina hiyo, waliotuma habari za miji yao: mvua, njaa, safari, harusi, kufika kwa bwana mkubwa.

Hapo ndipo palipozaliwa makala fupi ya habari ya Kiswahili. Mwandishi wa Lindi hakuweza kutanguliza salamu za kurasa mbili kwa mtu wa Moshi asiyemjua. Kadhalika, mzee aliyesoma hati za Kiarabu bila taabu alijikuta mbele ya gazeti hilo hana herufi, akawa wa kusomewa na mwanafunzi. Kwa hiyo makala yalipaswa kueleweka kwa sikio, mara moja, bila kurudiwa. Naamini sharti hilo la sikio, kuliko maagizo yoyote ya mwalimu Mdachi, ndilo lililoifanya nathari ya wakati ule iwe nyepesi.

Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilieneza desturi hiyo nchi nzima, na Kwetu la Erica Fiah, lililoanza 1937, likaonyesha kwamba Mwafrika angeweza kumiliki gazeti lake. Mwaka 1954 Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Machui, si mbali na hapa, alichapisha Kielezo cha Insha. Wanafunzi wanaodhani kwamba mafunzo ya kuandika makala yalianzia katika lugha nyingine walitafakari jina la kitabu hicho.

Sasa tuje kwenye mtandao. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtaalamu Mdenmaki anayefanya kazi Marekani, alitangaza kwamba asilimia 79 ya watu aliowapima walipitisha macho tu kwenye ukurasa mpya, na asilimia 16 tu ndio waliosoma neno kwa neno. Mwaka 2009 akaongeza kwamba katika orodha ya vichwa vya habari jicho hushika herufi kama 11 za mwanzo. Mafundisho mengi tunayopewa yamejengwa juu ya matokeo ya aina hiyo, na hapa mwanaisimu hana budi kusimama. Neno la Kiingereza hutanguliza mzizi; kitenzi cha Kiswahili huuficha katikati. Chukueni kichwa kinachoanza na “Waliokwishaandikishwa”. Herufi 11 za mwanzo ni “Waliokwisha”: ngeli, njeo, kirejeshi, na hali ya kwisha. Sarufi tupu, mzizi haujaanza! Anzeni na “Wapiga kura”, na jicho limepata jambo lote.

Magazeti yetu yalikwisha kulitambua hilo kabla ya kompyuta. Ndiyo maana vichwa vya habari hutumia njeo ya -a-: “Daraja lavunjika, watoto wakosa shule”. Silabi moja imeokolewa, na mzizi umesogea mbele. Hakuna aliyeitafsiri mbinu hiyo kutoka popote.

Tatizo kubwa zaidi liko katika agizo la kutanguliza matokeo, lile waandishi wa Marekani waliloliita piramidi iliyogeuzwa. Kiswahili husimulia kwa mnyororo wa -li- na -ka-: “Mvua ilinyesha, mto ukafurika, daraja likavunjika, watoto wakakosa shule.” Kila -ka- huegemea kitendo kilichotangulia. Geuza mpangilio, na mnyororo hukatika, unabaki na hii: “Watoto walikosa shule kufuatia kuvunjika kwa daraja kulikotokana na kufurika kwa mto baada ya kunyesha kwa mvua.” Kila siku tunasoma sentensi za namna hii. Si kwamba waandishi hawajui lugha. Wamelazimishwa kusimulia kinyumenyume katika lugha ambayo masimulizi yake hutembea kwenda mbele, nao wamejitetea kwa “kufuatia” na “kutokana na”, na vitenzi vikageuka majina. Isomeni sentensi hiyo kwa sauti mbele ya mtu anayekusikilizeni mkiwa mnatazama simu, kisha mumwombe aieleze.

Njia ipo. Matokeo yawekwe katika sentensi moja ya juu, nukta iwekwe, kisha kisa kianze upya kwa -li- na kuachiwa -ka- zake. Msomaji wa haraka atakuwa amepata chake, na aliyebaki atasimuliwa.

Neno la mwisho kuhusu kutafuta, kwa kuwa makala ya mtandaoni yasiyopatikana hayakuandikwa. Mtu wa Tanga atafutaye habari za zao lililoletwa na Wadachi mwaka 1893 huandika “mkonge”, na akitaka nyuzi zake huandika “katani”. Hawezi kuandika “yanayolimwa” wala “uzalishaji wa zao husika”. Ajuaye hivyo ataliweka neno “mkonge” katika kichwa na katika sentensi ya kwanza, kwa umbo lile lile analolisema mnunuzi sokoni. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina desturi nzuri katika jambo hili: makala mengi hufunguliwa kwa jina la kitu chenyewe, kisha “ni”, kisha maelezo yake. Lile “ni” linafanya kazi iliyofanywa na “wabaadu”.