Mota Nzima Hupima Mota Mbovu

Ukisimama Kaplong, mahali zinapokutana barabara za Bomet, Kericho na Kisii, umo katikati ya nchi ya chai. Katika viwanda vya nchi hii, mathalani kile cha Litein, mota za umeme huzungusha feni zinazonyausha majani na mitambo inayoyasaga. Huenda pia umepata kuona angani kile chombo kidogo chenye mapangaboi manne ambacho watu hukiita droni. Mota nzito iliyofungwa kwenye sakafu ya kiwanda na mota ya droni inayoenea kiganjani ni za ukoo mmoja. Ukiifahamu historia ya ukoo huo, hutahangaika siku mota moja itakaponyamaza.

Chombo cha kuruka kwa mapangaboi mengi si jambo la jana. Mwaka 1907, huko Ufaransa, ndugu Louis na Jacques Breguet, wakishirikiana na Profesa Charles Richet, walijenga chombo cha namna hiyo. Kiliinuka kidogo tu kutoka ardhini, na ilibidi watu wakishike pembeni kisipinduke. Mwaka 1924 Mfaransa mwingine, Étienne Oehmichen, alirusha chake kwa mzunguko wa kilomita moja. Walakini vyombo hivyo vilikuwa na injini moja tu, ambayo nguvu zake ziligawanywa kwa mapangaboi yote. Kulipotokea hitilafu, fundi hakuwa na injini ya pili ya kulinganisha nayo.

Dawa ya tatizo hilo ilitoka katika umeme. Mwaka 1889, huko Ujerumani, Mikhail Dolivo-Dobrovolsky alitengeneza mota ya umeme wa fezi tatu. Nyaya tatu hupokezana umeme kwa zamu, na nguvu ya sumaku huzunguka ikiuvuta mhimili pamoja nayo. Hiyo ndiyo mota ya viwandani hata leo. Mwaka 1962 Wamarekani wawili, Wilson na Trickey, walieleza mota ya betri isiyo na brashi, ambamo vifaa vya elektroniki hugawa umeme kwa zamu. Katika miaka ya 1980 zikapatikana sumaku ndogo zenye nguvu nyingi, na katika miaka ya 1990 betri nyepesi za lithiamu. Hapo ikawezekana kila pangaboi lipewe mota yake, na kila mota kidhibiti chake cha mwendo.

Basi, msomaji, tazama faida yake. Droni yenye mota nne ina mgonjwa mmoja na mashahidi watatu walio wazima. Kwanza ondoa betri, kisha uondoe mapangaboi yote, maana pangaboi hukata vidole. Zungusha kila mota kwa mkono. Ile inayokwaruza ina mchanga ndani, au beringi zake zimechakaa. Sasa rudisha betri, lakini mapangaboi yakae kando, uwashe mota polepole. Ikitetemeka na kunguruma bila kuzunguka, yaelekea waya mmoja kati ya mitatu umekatika au kiungo chake cha risasi kimeachia. Fundi wa kiwanda cha chai anaujua ugonjwa huo: mota yake ikikosa fezi moja inapowashwa, nayo hunguruma papo hapo bila kuzunguka.

Lakini huenda kosa si la mota, bali ni la kidhibiti. Ondoa betri tena, kisha ufunge mota inayoshukiwa kwenye kidhibiti cha mota iliyo nzima. Ugonjwa ukihama pamoja na mota, mota ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, kichunguze kidhibiti. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha viwili pamoja, hutajua ni kipi kilichoponya.

Baada ya safari fupi gusa mota zote. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, tafuta mhimili uliopinda, pangaboi lililovunjika ncha, au skrubu ndefu iliyopenya na kugusa waya wa shaba ndani. Kumbuka pia kwamba nchi yetu iko juu na hewa yake ni nyepesi. Mapangaboi hapa hulazimika kuzunguka kwa kasi kuliko Mombasa, na mota huchoka upesi zaidi.

Wala usidhani kwamba huu ni mchezo tu. Droni ya mota nne haina mota ya akiba. Moja ikizimika angani, chombo hupinduka na kuanguka, na chini yake yumkini kuna wachumaji wa chai au watoto wa shule. Ndiyo maana Kenya iliweka kanuni mwaka 2020 zinazomtaka mwenye droni aisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Lakini usajili hauzibi kiungo kilichoachia. Kazi hiyo ni ya mkono wako na jicho lako, kabla chombo hakijaiacha ardhi.