Nani Mwenye Haki ya Kusema Picha Imetoka?

Desemba 1863, Julia Margaret Cameron, mama wa miaka 48 aliyeishi Freshwater katika kisiwa cha Wight, Uingereza, alipewa kamera na binti yake na mkwewe. Akageuza banda la kuku kuwa studio na stoo ya makaa kuwa chumba cha giza. Haukupita muda mrefu, wapiga picha wenzake wakaanza kumsema: picha zake zina ukungu, hajui hata kulenga lenzi.

Mwaka 1864 alimwandikia rafiki yake, mwanasayansi John Herschel, akiuliza jambo ambalo bado linatusumbua: fokasi ni nini hasa, na nani mwenye haki ya kuamua ipi ni fokasi halali?

Swali lake halikuwa kisingizio. Alitumia vioo vilivyopakwa dawa mbichi, na aliyepigwa picha alilazimika kutulia kwa dakika kadhaa. Lenzi ikiwa wazi sana, sehemu inayoonekana kwa ukali huwa nyembamba: macho yakitokea vizuri, masikio yanafifia. Cameron alisogeza lenzi mpaka alipoona uzuri, akasimama hapo hapo, bila kuendelea hadi kwenye ukali ambao wengine waliudai. Mwaka 1865 jumba la makumbusho la South Kensington jijini London lilinunua picha zake na kuzionyesha.

Miaka 67 baadaye upepo ulivuma upande mwingine. Novemba 1932, huko San Francisco, Ansel Adams, Edward Weston, Imogen Cunningham na wenzao walifanya maonyesho kwa jina la Kundi la f/64. Jina hilo ni kipimo cha tundu la lenzi, dogo kiasi kwamba jiwe la karibu na mlima wa mbali vyote vinatoka vikali. Walichoshwa na picha zilizofifishwa makusudi ili zifanane na michoro. Kwao, ukali ulikuwa uaminifu.

Cameron na Kundi la f/64 walipingana karibu katika kila kitu, lakini walilingana katika jambo moja: aliyeamua alikuwa mtu. Jambo hilo lilikuwa limeshaanza kubadilika mwaka 1985, Minolta ilipotoa kamera ya 7000, iliyokuwa na kihisi na mota ya kulenga ndani ya mwili wake. Mpiga picha alibonyeza kitufe, mashine ikatafuta fokasi.

Kamera ya DSLR imerithi mfumo huo. Sehemu ya mwanga hupenya kioo kikuu, ikagonga kioo kidogo cha nyuma yake, ikashuka hadi kwenye kihisi cha fokasi kilicho chini. Picha yenyewe hunaswa na kihisi kingine, kioo kikishainuka. Kwa hiyo njia ni mbili, na urefu wake lazima ulingane. Zikipishana hata kidogo sana, kamera itakuambia imelenga jicho, huku ukali ukiangukia nyuma yake.

Mwaka jana nilinunua DSLR mpya ili nimpige picha bibi mzaa mama kabla hajahama nyumba aliyoishi tangu aolewe. Katika picha nyingi sikio lake ni kali, hereni inahesabika mikwaruzo, lakini macho yamefifia. Niliirudisha dukani, nikajibiwa kwamba kamera iko ndani ya kiwango. Bibi ana miaka 81 na nyumba imeshauzwa. Kiwango cha nani?

Mwenyewe alipoziona aliuliza, “Mbona mimi najiona vizuri tu, mjukuu wangu?” Ana hoja. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa upana. Ukiikuza kwa asilimia 100 kwenye skrini ya kawaida ya kompyuta, ni kama unatazama bango la mita 1.6 ukiwa umelikaribia kwa urefu wa mkono. Hakuna aliyewahi kutazama albamu ya familia hivyo. Sehemu ya wasiwasi wetu imezaliwa na kitufe cha kukuza.

Sehemu tu, lakini. Kumtaja Cameron ili kutetea kamera mbovu ni kumkosea. Yeye alichagua ukungu wake. Wa kwangu ulichaguliwa na kioo kilichokaa vibaya. Kipimo chake ni rahisi: weka kamera kwenye stendi, laza rula kwa mshazari, lenga namba moja, piga. Kisha lenga namba ile ile kwa skrini ya nyuma, kioo kikiwa kimeinuliwa, ambapo kihisi cha picha chenyewe ndicho kinachopima. Ukali ukihama, tatizo si mikono yako. Baadhi ya kamera zina menyu ya kurekebisha tofauti hiyo kwa kila lenzi; zisizo nayo huhitaji fundi.

Picha kali si lazima iwe picha nzuri. Hilo Cameron alishalimaliza. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na haki hiyo haikuwa ya kamera wala ya muuza duka. Ni ya anayetazama uso ulio mbele yake na kujua ni wapi pa kusimama.