Kinachobaki Ni Kilichotunzwa

Wengi wetu tukisikia neno makumbusho tunafikiria nyumba ya wafalme: ngoma za zamani, mikuki, viti vya machifu, vitu vilivyofungiwa nyuma ya kioo ili watoto wa shule wavipitie kwa mstari. Tunaona si mambo yetu. Sisi tulikuja na mfuko mmoja na tuna kadi ya chakula, makumbusho yatuhusu nini? Mimi nasema yanatuhusu sana. Hata yale Makumbusho ya Uganda, pale Kampala kwenye barabara ya Kira, yana mkono wa wakimbizi ndani yake.

Yalianza mwaka 1908, enzi ya Waingereza, katika ngome ya Lugard juu ya kilima cha Old Kampala. Maofisa na wamisionari walikusanya vitu kutoka huku na huku, na vingi vilikuwa vitu vya ibada, vitu ambavyo wenyewe waliviheshimu na kuviogopa. Ndiyo maana Baganda waliliita jengo hilo Nyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya zile pembe zenye nguvu za waganga. Jina hilo halikuwa la kusifu. Mtu aliyepita pale alijua kwamba ndani kuna vitu vya watu, na wenyewe hawamo.

Baadaye walikuja watu wawili ambao historia yao inafanana na yetu. Wa kwanza ni Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyezaliwa Berlin mwaka 1907. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, watu wenye asili ya Kiyahudi kama yeye walifungiwa milango ya vyuo. Akaondoka kwao, akapitia Uswisi na Uingereza, na mwaka 1937 akafika Uganda. Kuanzia 1948 hadi 1957 yeye ndiye aliyesimamia Makumbusho. Alizunguka nchi na mashine ya kurekodi, akakusanya nyimbo zaidi ya elfu moja. Tena hakutaka ala za muziki zikae kimya nyuma ya kioo. Aliweka watu wa kuzipiga, ili mgeni asikie sauti na si kuona mbao na ngozi tu. Nyimbo hizo zilihifadhiwa London, na miaka mingi baadaye nakala zilirudishwa Chuo Kikuu cha Makerere.

Wa pili ni Ernst May, mchoraji majengo mwenye jina kubwa kule Frankfurt. Mwaka 1930 alikwenda Umoja wa Kisovyeti kuchora miji mipya. Alipotaka kutoka huko, kwao Hitler alikuwa ameshashika nchi, hakuna kurudi. Mwaka 1934 akaja Tanganyika, akalima kahawa, halafu akarudia kazi yake ya majengo. Vita vya pili vya dunia vilipoanza, Waingereza wakamfungia kambini juu ni Mjerumani, hata kama Wajerumani wenyewe hawakumtaka. Sisi tunaielewa hali hiyo vizuri. Huyo ndiye aliyechora jengo la Makumbusho ya Uganda tunaloliona leo, lililofunguliwa mwaka 1954.

Kwa hiyo nyumba inayotunza kumbukumbu za Waganda ilichorwa na mtu asiyeweza kurudi kwao, na muziki wake ulikusanywa na mtu aliyefukuzwa kwao. Nawaambia vijana wetu jambo hili kila nikipata nafasi. Mkimbizi si mtu wa kuhesabiwa na kugawiwa tu. Anaweza kuwa mtunzaji.

Sasa tuje kwenye maonyesho yaliyozungumzwa sana miaka ya karibuni. Mwaka 2015, katika ofisi za Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, lilipatikana kabati lenye negativu za picha kama 70,000. Zilipigwa na wapiga picha wa serikali, na nyingi ni za miaka ya Idi Amin. Kuanzia 2018 zilianza kuingizwa kwenye kompyuta, na tarehe 18 Mei 2019 maonyesho yakafunguliwa Kampala. Watu walimwona Amin akihutubia, Amin akikagua gwaride, Amin akicheka na wageni. Na hapo ndipo maswali yalipoanza. Utawala ule uliua watu wengi sana, mbona picha zinacheka? Waandaaji walilijua swali hilo, wakatenga pia nafasi ya kuonyesha baadhi ya watu waliouawa.

Jibu ni rahisi lakini ni zito. Mpiga picha wa wizara anatumwa na wizara. Anakwenda pale mkubwa anapokwenda, anapiga kile mkubwa anachotaka kionekane. Picha haisemi uongo, ila inasema upande wa yule aliyeshika kamera.

Kwa sisi tunaoishi West Nile jambo hili liko karibu. Ukoo wa baba yake Amin ni Wakakwa wa Koboko. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, na jeshi la Tanzania likafika mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni, watu wa huku walijua kwamba jina la mtu mmoja litawaangukia wote. Ikawa hivyo. Oktoba 1980 waliokuwa askari wa Amin walishambulia kutoka ng'ambo ya mpaka, na jeshi jipya la serikali likalipiza kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliingia kwenye misheni ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, mahali ambapo watu walikuwa wamekimbilia wakidhani kanisa litawakinga, wakaua wengi. Mkulima ambaye hakuwahi kumwona Amin kwa macho alilipa deni lake.

Maelfu na maelfu walivuka. Wengine walikwenda Sudan, upande wa Yei. Wengine waliingia Zaire, upande wa Aru na Ingbokolo. Walikaa huko miaka, wakalima mashamba ya watu, wakazaa watoto, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 wakaanza kurudi. Ukimsikia mzee wa Koboko anakusalimia kwa Lingala, usishangae. Alijifunza kwetu, wakati mkimbizi alikuwa yeye.

Leo mambo yamegeuka. Wakongomani tuko Lobule, pale pale Koboko, na ndugu zetu wa Sudan Kusini wako Rhino Camp na Imvepi. Na mpaka wenyewe si wa kale kama tunavyodhani. Eneo hili lilikuwa chini ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, mpaka alipokufa Desemba 1909. Likapewa Sudan, na kufikia 1914 sehemu ya huku ikawa Uganda. Wazee wa Walugbara husimulia habari za mashujaa wao wawili, Jaki na Dribidu: mmoja alifia mlima Liru, mwingine mlima Wati. Milima hiyo iko mbele ya macho yetu kila siku, na haikuuliza mtu yeyote karatasi za kuvuka. Kwa wenyeji ndiyo makumbusho yao ya kwanza, juu hadithi imefungwa kwenye kitu kisichohamishika.

Lakini sisi hatuna mlima hapa. Tunachoweza kufunga hadithi ni vitu vidogo. Katika kikundi chetu cha vijana tulifanya zoezi: kila mmoja alete kitu kimoja kilichovuka mpaka pamoja na familia yake. Kililetwa kitenge kilichopauka. Ililetwa sufuria isiyo na mkono. Kijana mmoja alileta ufunguo wa nyumba ambayo iliungua. Msichana mmoja alileta daftari la darasa la tatu lenye masahihisho ya mwalimu kwa kalamu nyekundu. Na mama mmoja aliyemsindikiza mwanawe alikataa kuacha picha yake mezani hata kwa saa moja. Alituuliza, "Mkiichukua, mtairudisha lini?"

Baadhi ya vijana walicheka. Mimi naona mama alikuwa na haki. Swali lake ni lile lile la wale walioita jengo la Old Kampala Nyumba ya Mayembe. Juni 2024 vitu 39 vilivyochukuliwa Uganda zama za ukoloni vilirudi Kampala kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Vilikaa ng'ambo miaka mingi kuliko umri wa bibi zetu, na hata sasa vimekuja kwa mkopo. Mtu anayeuliza kitarudi lini hana ushamba. Anajua historia.

Basi maonyesho yetu tulifanya kwa sharti la mama huyo. Kila kitu kilikaa mikononi mwa mwenyewe, chini ya mwembe, na mwenyewe alikieleza kwa mdomo wake, kisha akaenda nacho nyumbani. Tulialika wenyeji, na mzee mmoja akaja na kadi yake ya ukimbizi ya Zaire, ameitunza ndani ya Biblia miaka yote hiyo. Vijana walinyamaza kabisa. Kadi ilikuwa imechakaa kama zetu zitakavyochakaa.

Ndugu msomaji, kadi yako ya chakula ikibadilishwa, kama unaruhusiwa kubaki na ile ya zamani, usiitupe. Picha ya familia uliyo nayo, andika nyuma yake kwa kalamu: nani, wapi, mwaka gani. Ile iliyo kwenye simu, itoe kwenye karatasi hata moja, juu simu inaibwa na simu inakufa. Muulize mwenyeji wako alikaa wapi mwaka 1981, na nani alimpa shamba. Andika jibu lake, na umsomee ili asahihishe. Miaka arobaini ijayo mtu atataka kufanya maonyesho kuhusu wakimbizi wa West Nile, na atakwenda kutafuta makabati. Atakuta picha za magari ya misaada, wageni wamesimama na sisi tumekaa chini. Kama hakuna kingine, hizo ndizo zitakazotundikwa ukutani, na wajukuu wetu watatusoma kutoka hapo.