Mtu wa Wastani na Mizani Yake

Mtu mzima aendapo kwa daktari siku hizi, aghalabu husimamishwa juu ya mizani kabla hajaulizwa kilichompeleka. Uzito wake huandikwa kwa kilo, urefu wake kwa mita. Kisha urefu huzidishwa kwa wenyewe, na uzito hugawanywa kwa jibu lililopatikana. Mtu wa kilo 75 mwenye urefu wa mita 1.70 hupata 26 kasoro kidogo. Namba ikiwa chini ya 18.5, huambiwa amekonda mno. Ikiwa kati ya hapo na 25, huachwa aende kwa amani. Ikifika 25, huambiwa amezidi. Na ikifika 30, jina lake hutiwa katika daftari la wagonjwa wa unene. Hukumu hii haichukui hata dakika mbili, na anayehukumiwa hutoka nayo akakaa nayo miaka. Ni haki basi kuuliza hakimu huyu alizaliwa wapi, alifundishwa kazi gani, na nani aliyempa kiti.

Alizaliwa katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, na aliyemzaa hakuwa tabibu. Adolphe Quetelet, mwana wa mji wa Ghent, aliyezaliwa mwaka 1796, alikuwa mwanahesabu aliyevutwa na elimu ya falaki. Mwaka 1823 alisafiri kwenda Paris ili ajifunze jinsi nyumba ya kutazamia nyota inavyoendeshwa, na baadaye akawa mkuu wa kwanza wa nyumba ya namna hiyo mjini Brussels. Kwa wanafalaki alijifunza jambo lililomkaa moyoni maisha yake yote. Watu kumi wakipima mahali pa nyota moja hupata majibu kumi. Walakini majibu hayo hayatapakai ovyo. Mengi hukusanyika katikati, na kadiri yanavyokwenda mbali ndivyo yanavyopungua. Nyota ni moja, na tofauti zote ni makosa ya macho na vyombo. Ukitaka kujua mahali ilipo hasa, twaa wastani.

Quetelet aliishusha kanuni hiyo kutoka mbinguni hadi kwa wanadamu. Mkononi mwake zilifika hesabu za vifua vya askari wa Scotland zaidi ya 5,700, zilizochapishwa Uingereza mwaka 1817, akaona kwamba zimejipanga vilevile kama vipimo vya nyota: vifua vya kadiri ni vingi, vipana mno na vyembamba mno ni vichache. Akasema ni kana kwamba kifua cha mtu mmoja kilipimwa maelfu ya mara na wapimaji wasio mahiri. Hapo ndipo penye mshono wa kisa hiki, na afadhali msomaji asipite upesi. Nyota ya mwanafalaki ipo, hata kama hakuna aliyeipima sawasawa. Askari wa wastani hayupo. Hakuzaliwa, hakuvaa kofia, wala hakupokea mshahara. Ni kivuli cha hesabu. Illa Quetelet, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1835 juu ya mwanadamu na kukua kwa uwezo wake, alimpa kivuli hicho jina, akamwita mtu wa wastani, na akamsifu kuwa ndiye kielelezo cha uzuri na wema. Watu halisi, warefu na wafupi, wanene na wembamba, wakageuzwa kuwa makosa yaliyomzunguka asiyekuwapo.

Ndani ya kazi hiyo hiyo imo kanuni ya uzito. Quetelet alitaka kujua mwili unakuaje. Kama mwanadamu angekuwa sanduku linalokua sawasawa pande zote, mwenye urefu maradufu angekuwa na uzito mara nane. Haiwi hivyo. Alipowalinganisha watu wazima wa vimo mbalimbali, aliona kwamba uzito wao huongezeka takriban kama urefu uliozidishwa kwa wenyewe, maana warefu hawapanuki kwa kadiri ile ile wanavyorefuka. Lilikuwa jambo zuri la kujua, nalo likaishia hapo. Hakuandika ni nani mnene wala nani apunguze chakula. Ugonjwa wa unene haukuwa swali lake. Alifariki dunia mwaka 1874 bila ya kujua kwamba kanuni yake ingetundikwa ukutani mwa kila zahanati.

Aliyeuvuta uzito hadi kwenye hukumu ya mtu mmoja mmoja alikuwa mfanya biashara. Kampuni ya bima ya maisha huishi kwa kukisia wateja wake watakufa lini: anayekufa mapema huitia hasara, anayeishi sana huiletea faida. Kwa sababu hiyo, tangu mwisho wa karne ya 19, kampuni za Marekani zilianza kulinganisha uzito wa wateja na umri wa vifo vyao, zikaona kwamba wanene, hususan wa makamo, hufa mbele ya wenzao. Hapana ubaya katika hilo. Mwenye duka ana haki ya kujua bidhaa yake. Lakini majedwali ya kwanza yalionyesha wastani kwa kila umri, na kwa kuwa watu huongezeka mwili wanapozeeka, jedwali nalo liliongezeka. Louis Dublin, bingwa wa takwimu wa kampuni ya Metropolitan Life, hakuridhika. Katika majedwali yaliyotolewa mwaka 1942 kwa wanawake na mwaka 1943 kwa wanaume, wastani uliondolewa, ukawekwa uzito ulio bora. Na ulio bora ulikuwa ule wa ujana, mtu atakiwao kuuchukua hadi kaburini. Mama wa watoto sita mwenye miaka 50 akapimwa kwa mwili wa msichana wa miaka 25.

Majedwali hayo yalikuwa na kasoro ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeziona. Walioandikwa ndani yake ni wale tu waliokuwa na fedha ya kununua bima. Walipimwa wamevaa nguo na viatu, na baadhi hawakupimwa kabisa bali walitaja uzito wao wenyewe, na kila mtu anajua jinsi ulimi unavyoweza kupunguza ratili. Kila urefu uligawanywa katika maumbo matatu, dogo, la kati na kubwa, pasipo kipimo chochote cha kumjulisha mtu umbo lake ni lipi. Hata hivyo madaktari waliyapokea, magazeti yakayachapa, na jedwali jingine la mwaka 1959 likayatia nguvu zaidi. Jedwali la mwaka 1983 lilipandisha uzito unaokubaliwa, maana hesabu mpya zilionyesha kwamba wateja wenye mwili kidogo hawakuwa wanakufa kama ilivyodhaniwa. Ila kufikia wakati huo wengi walikuwa wameshajinyima chakula kwa miaka 40 kwa ajili ya namba ya kwanza.

Haikuwa kwamba wote walinyamaza. Mwaka 1967, katika bustani ya Central Park mjini New York, walikusanyika watu wapatao 500 kusherehekea unene wao. Walikula, wakachoma moto vitabu vya kupunguza mwili pamoja na picha ya Twiggy, mwanamitindo wa Kiingereza aliyesifiwa kwa wembamba wake. Mwaka huohuo mwandishi Lew Louderback alichapisha makala katika gazeti la Saturday Evening Post akiwatetea wanene, na mwaka 1969 Bill Fabrey, aliyeisoma makala hiyo, alianzisha chama cha kuwatetea Wamarekani wanene. Wengi waliwacheka. Lakini swali walilouliza lilikuwa swali la haki: je, mtu anaweza kunyimwa kazi, heshima na amani ya nafsi kwa sababu ya jedwali lililotengenezwa ili kampuni isipate hasara?

Swali hilo lilikuwa bado hewani pale mtaalamu mmoja alipoyashambulia majedwali kwa upande wa sayansi. Ancel Keys alikuwa mtu wa chuo kikuu cha Minnesota, naye aliujua mwili wa binadamu kwa njia chungu. Mwaka 1944 na 1945 aliwasimamia vijana 36 waliokataa kushika silaha vitani, wakakubali kwa hiari yao kushindishwa na njaa kwa miezi sita ili ijulikane namna ya kuwalisha watu wa Ulaya baada ya vita. Walipoteza kiasi cha robo ya uzito wao. Wakaota vyakula, wakasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, wakagombana kwa mambo madogo. La ajabu kuliko yote, baadhi yao hawakujiona wamekonda. Waliwaona watu wengine kuwa wamenenepa mno. Jicho limpimalo mtu, kumbe, nalo hula na kushinda njaa.

Mwaka 1972 Keys na wenzake walichukua vipimo vya wanaume 7,424 kutoka Marekani, Finland, Italia, Japani na Afrika Kusini, wakalinganisha kanuni mbalimbali za uzito na urefu na unene wa ngozi iliyobanwa kwa koleo, ili waone ni ipi inayokaribia zaidi kiasi cha mafuta mwilini. Ile ya Quetelet ikashinda, na ushindi wenyewe ulikuwa wa unyonge: Keys aliandika kwamba, ikiwa hairidhishi kabisa, angalau si mbaya kuliko nyingine. Akaipa jina lililoenea duniani, naye alikusudia itumiwe kuchunguza makundi ya watu. Wanawake hawakuwamo hata mmoja.

Kwa nini basi ilishinda namna ile? Kwa sababu ni rahisi. Mizani, utepe na kalamu vyatosha. Unyonge wake umo ndani ya urahisi huo huo: mizani haitenganishi mafuta na misuli, wala mfupa na maji. Mchukuzi wa bandarini mwenye mabega kama milango na karani asiyeinuka kitini wanaweza kupata namba moja. Wala haiulizi mafuta yamekaa wapi, ingawa yaliyojaa tumboni yana madhara kuliko yaliyo nyongani na mapajani. Juu ya yote hayo, haitakuwa haki kuiita ya uongo. Katika kundi la watu laki moja, wenye namba kubwa wataonekana wakipatwa zaidi na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Kundi husema kweli. Taabu huanza pale mtu mmoja anapotolewa kundini na kuambiwa kwamba kweli ile ni yake.

Mwaka 1985 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Mwezi wa Februari, huko Bethesda, Marekani, mkutano ulioitishwa na taasisi za afya za taifa ulikubali kipimo cha Quetelet na kuweka mpaka wa unene uliozidi kuwa 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake. Mwezi wa Oktoba, jarida la Lancet lilichapisha habari za maradhi mapya kutoka wilaya ya Rakai, Uganda, ambayo wenyeji walikwisha kuyaita Slimu, yaani wembamba, kwa jinsi yalivyomaliza mwili. Ng'ambo ya mpaka, katika mkoa wa Kagera, Tanzania ilikuwa imewatambua wagonjwa wake wa kwanza watatu wa UKIMWI mwaka 1983. Katika nchi ambamo kukonda kulikuwa mwanzo wa mazishi, namba kubwa haikuweza kusomwa kama ilivyosomwa Bethesda. Hata kabla ya maradhi hayo, lugha ya Kiswahili ilikuwa na mizani yake: mtu hunawiri, na hiyo ni sifa, huwanda, na hilo huweza kuwa sifa au dhihaka kwa kutegemea sauti ya msemaji, huwa tipwatipwa, na watoto wakacheka, akiwa kimbaumbau huulizwa kama haumwi. Unono uliachiwa wanyama wa kuchinjwa. Maneno hayo hayakuhitaji koma wala desimali, ila yalijua kumtazama mtu usoni.

Mwezi wa Juni 1998 mpaka wa Marekani ulishushwa hadi 25 kwa wote, wanaume na wanawake, ili ulingane na ule wa Shirika la Afya Duniani. Wamarekani zaidi ya milioni 25 walilala wakiwa wazima wakaamka wakiwa wamezidi uzito, bila ya kuongezeka hata gramu moja. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika hilo walikiri kwamba kwa watu wengi wa Asia madhara huanza mapema, wakashauri 23 na 27.5 ziwe alama za tahadhari kwao. Mpaka uliodaiwa kuwa wa wanadamu wote ukaonekana kuwa wa wachache. Na namba haikukaa karatasini tu. Huko New Zealand, kwa miaka mingi, kanuni za matibabu ya uzazi yanayolipiwa na serikali ziliwafungia mlango wanawake waliozidi 32. Kwa mwanamke wa miaka 38 aliyetaka mtoto, tofauti ya 32 na 33 haikuwa hesabu.

Mwezi wa Juni 2023 chama kikuu cha madaktari wa Marekani kilitangaza kwamba kipimo hiki kina upungufu, na kwamba kisitumike peke yake kumhukumu mgonjwa. Mwezi wa Januari 2025 jopo la wataalamu 58 lililoitishwa na jarida moja la jamii ya Lancet lilikwenda mbele zaidi. Lilishauri kwamba namba ithibitishwe kwa kupima kiuno au mafuta yenyewe. Kisha atengwe mnene ambaye viungo vyake vimekwisha kudhurika na mnene ambaye mwili wake unafanya kazi sawasawa, wa kwanza atibiwe, wa pili aangaliwe na kushauriwa. Ili kujua tofauti yao, daktari hana budi kumuuliza mgonjwa kama hupumua kwa shida, kama magoti humuuma, kama hulala vizuri usiku, na kama huweza kuoga na kuvaa mwenyewe bila ya msaada.